Televisheni ya Leta na mavazi yake: kutoka Mobutu wa mawinguni mpaka RTNC

Leo tuweke mabishano ya kila siku pembeni kidogo, tuongee historia. Tuongee juu ya kitu chenye tunaangalia bila kukifikiria: namna televisheni ya Leta inavaa.

Ndiyo, inavaa. Watu wa ile kazi kwa Kifaransa wanasema habillage, ni kusema mavazi. Ni logo yenye inakaa mu kona ya kioo, ni rangi, ni maandishi yenye yanapita chini, ni muziki mfupi wa kufungua habari, ni meza ya mtangazaji na picha yenye iko nyuma ya mgongo wake. Vyote hivi havikupe habari hata moja. Lakini mbele mtangazaji afungue kinywa, vimeshakuambia umeingia kwa nani.

Mu inchi yetu ile mavazi imebadilishwa mara nyingi, na jina la televisheni pia. Wazo langu ni hili: karibu kila mara nguo ilibadilika kwa sababu mwenye nyumba alibadilika, haikuwa kwa sababu mtazamaji aliulizwa anataka kuona nini. Tukielewa hilo, siku wakituletea nguo ingine mpya tutajua maswali ya kuuliza. Twende polepole.

Mwanzo ilikuwa sauti

Tuanzie mbele ya televisheni, mwaka 1960. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Septemba raisi Kasa-Vubu anasema kwa radio ya Léopoldville kama amemwondoa waziri wa kwanza Patrice Lumumba. Usiku uleule Lumumba naye anaenda kwenye radio ileile, anasema Kasa-Vubu si raisi tena. Watu walikuwa nyumbani wanasikia serikali mbili kwa kinywa kimoja.

Kesho yake Umoja wa Mataifa, chini ya uongozi wa Mmarekani Andrew Cordier, ukafunga radio. Kwa macho ilikuwa kama wamefungia wote wawili. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, abbé Fulbert Youlou wa Brazzaville, na radio ya kule ikamfungulia mlango. Lumumba akabaki bila sauti. Siku chache kisha, tarehe 14 Septemba, koloneli mmoja kijana akatangaza kwa radio kama jeshi linachukua mambo mkononi. Alikuwa na miaka 29, umri wa wengi wetu hapa. Jina lake Joseph-Désiré Mobutu.

Ile wiki moja ilifundisha wanasiasa wa Kongo somo lenye hawakusahau tena: unaweza kuwa na kura, unaweza kuwa na bunge, lakini kama hauna mikrofoni hauna kitu. Na mwenye alishika lile somo kuliko wote alikuwa Mobutu mwenyewe, kwa sababu mbele ya siasa kubwa alikuwa mwandishi wa habari. Aliandika mu gazeti L'Avenir na mu Actualités Africaines kule Léopoldville. Alijua kichwa cha habari ni nini, alijua picha inafanya nini mu kichwa cha mtu.

Jina, bendera, kofia

Mobutu anachukua madaraka kabisa tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka uliofuata, 1966, televisheni inaanza Kinshasa. Angalia vizuri hiyo tarehe: hapa kwetu televisheni ya taifa na utawala wa Mobutu vilikua pamoja, sawa watoto wawili wa nyumba moja. Ni mwaka uleule Léopoldville iliitwa Kinshasa, Stanleyville ikaitwa Kisangani, Élisabethville ikaitwa Lubumbashi.

Kisha ikaja kazi kubwa ya kuvalisha inchi nzima. Mwaka 1967 chama kimoja, MPR, kinazaliwa, na feza mpya inaitwa zaïre. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi na mto navyo vinaitwa Zaïre. Bendera ya bluu inaondoka, inakuja ya kijani yenye duara la manjano na mkono wenye kushika mwenge. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kizungu yanakatazwa, Joseph-Désiré anakuwa Mobutu Sese Seko. Suti na kravati vinaondoka, inakuja abacost. Na juu ya kichwa cha mkubwa, kofia ya ngozi ya chui.

Kama leo shirika moja linabadilisha logo, rangi na jina lake, tunasema limefanya kazi ya sura. Mobutu aliifanya kwa inchi yenye watu zaidi ya milioni 20. Radio na televisheni zikaitwa Sauti ya Zaïre, la Voix du Zaïre, na miaka ya 1970 ikajengewa jumba refu pale Kinshasa, kwa msaada wa Ufaransa. Baadaye jina la ofisi likawa OZRT. Ilikuwa televisheni moja tu yenye sheria iliruhusu. Hakukuwa chaneli ya pili ya kukimbilia.

Mtu mwenye alisimamia maneno na picha za wakati ule alikuwa Dominique Sakombi Inongo. Shikeni hilo jina, litarudi.

Mawingu

Sasa tufike penyewe. Uliza mzee mwenye aliangalia televisheni ya Zaïre miaka ya 1970 ao 1980: habari ya mangaribi ilikuwa inaanza namna gani? Hatakuambia logo. Atakuambia mawingu.

Kioo kinajaa mawingu. Muziki unapanda. Kisha katikati ya mawingu unatokea uso wa Mobutu na kofia yake ya chui, unatoka juu, unakaribia, unajaza kioo. Kisha habari. Kila siku vile, mwaka kwa mwaka.

Kwa ufundi si kitu kikubwa. Ni kulaza picha moja juu ya ingine, ile ya chini inapotea polepole na ya juu inakomaa. Kijana yeyote mwenye simu leo anafanya vile kwa dakika mbili. Nguvu yake haikutoka kwa mashini. Ilitoka mahali pengine, na ni vizuri tuhesabu.

Kwanza, ilikuwa kila siku na hakukuwa ingine. Kitu chenye unaona mara moja ni picha. Kitu chenye unaona kila mangaribi miaka kumi kinakuwa sawa kuchwa kwa jua, hauulize tena nani alikiweka.

Pili, ilishika picha yenye watu walikuwa nayo tayari mu roho. Inchi ya wakristo wengi inajua nani atarudi juu ya mawingu. Na haikuwa ajali. Ni wakati uleule Mobutu alikuwa anapigana na Kanisa: kardinali Malula alilazimika kukimbilia Roma mwaka 1972, na mwaka 1974 Noeli iliondolewa mu siku za kupumzika za Leta. Kiongozi alikuwa anaitwa Guide, Baba wa taifa, hata wakubwa wa chama walimlinganisha na nabii. Nafasi yenye Kanisa lilisukumwa itoke, ile picha ya mangaribi ilikuwa inaijaza.

Tatu, ilifundisha mpangilio. Kwanza Guide, kisha wengine wote. Kuna wakati, mwanzoni mwa 1975, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la mtu mwingine yeyote wa serikali. Waziri alikuwa anaitwa kwa kazi yake tu, bila jina. Fikiri kidogo: inchi nzima yenye jina moja tu mu habari. Baada ya mawingu zilikuja ngoma za animation politique, wanaume na wanawake wenye kuvaa kitambaa chenye uso wa Mobutu, wanaimba na kucheza kwa sifa yake. Uso ulikuwa mawinguni, ulikuwa kwenye kitambaa, ulikuwa kwenye kifua cha waziri mu beji, ulikuwa kwenye feza.

Hata ulimwengu ulikuja kuiona ile nguo. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, chini ya picha kubwa sana ya Mobutu. Lakini kuna kitu kimoja kinachonifanya nicheke kila mara: mchezo ulianza saa kumi za alfajiri. Kwa nini? Juu ya watazamaji wa Marekani, kule ilikuwa bado usiku wa kwanza. Watu wa Kinshasa walikesha ili saa ya wengine iheshimiwe. Mtu wa mawinguni naye alikuwa na watu wa kumpangia saa.

Anga moja, mafundisho mawili

Nataka tulinganishe na jambo la wakati uleule, Ufaransa. Mwaka 1974 Leta ya kule ilivunja ofisi yake kubwa ya radio na televisheni, ORTF, na Januari 1975 ikazaliwa chaneli ya Leta yenye kuitwa Antenne 2. Wakamwomba Jean-Michel Folon, msanii Mbelgiji, awatengenezee picha ya kufungua na kufunga siku. Akachora watu wadogo wenye makoti marefu na kofia, wanaruka polepole mu anga, bila majina, bila sura ya kutambulika.

Zote mbili ni televisheni za Leta. Zote mbili zinaweka mtu mu anga, mu miaka ileile. Lakini kule mtu mwenye kuruka ni yeyote, anaweza kuwa wewe ukimaliza kazi na kwenda kulala. Huku mwenye kushuka ni mmoja, na wewe uko chini unaangalia juu. Hiyo njo tofauti yenye rangi na muziki haviwezi kuficha. Si kusema Ufaransa haikuwa na serikali yenye kusukuma televisheni, ilikuwa nayo, na waandishi wa kule walilalamika sana. Nasema tu kama picha ya kufungua inaonyesha mtazamaji anahesabiwa namna gani.

Na tusijichape sisi peke yetu. Kenya, miaka ya Moi, habari ya Sauti ya Kenya ilianza na Mtukufu Rais, alienda wapi, alisema nini, hata kama siku ile hakusema kitu. Mwaka 1989 jina likabadilika likawa KBC. Mtukufu Rais akabaki palepale, habari ya kwanza. Tanzania bara walichukua njia ingine: Nyerere hakutaka televisheni kwa miaka mingi, na ile ya taifa, TVT, ilikuja tu mwaka 2000, kisha ikaitwa TBC. Zanzibar wao walikuwa na televisheni ya rangi toka mwanzo wa miaka ya 1970, mbele ya inchi nyingi za Afrika. Kila inchi ilichagua nani aonekane, na lini.

1990 mpaka 1997: nguo inapasuka

Mawingu hayakuondolewa na msanii. Yaliondolewa na dunia. Desemba 1989 Ceaușescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, alipigwa risasi, na picha za mwili wake zilizunguka dunia kwa televisheni. Miezi ine kisha, tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia mbele ya kamera. Mtu mwenye inchi ilimjua kwa uso wa mawinguni, sasa inamwona anapangusa machozi. Nafikiri ile dakika ilibadilisha sura ya televisheni kuliko logo yoyote yenye ilikuja nyuma.

Kisha zikaja chaneli za watu binafsi, ikaja Conférence Nationale, na watu wakaona wanasiasa wanabishana waziwazi. Mara ya kwanza mtu alikuwa na kitu cha kulinganisha.

Tarehe 17 Mei 1997 AFDL inaingia Kinshasa. Hapo mavazi inabadilishwa kwa haraka yenye haijaonekana toka 1971. Zaïre inakuwa tena Kongo. OZRT inakuwa RTNC, Radio-Télévision Nationale Congolaise. Bendera ya kijani inashuka, inapanda ya bluu na nyota, ile ya 1960, nyota kubwa moja na ndogo sita. La Zaïroise inaacha kuimbwa, Debout Congolais inarudi. Hata timu ya mpira, Léopards, inaitwa Simba. Mwaka 1998 feza inakuwa franka. Kila kitu chenye kunusa chui kinatupwa inje.

Lakini hapa njo tufungue macho. Mpangilio wa habari ulibadilika? Mzee Laurent-Désiré Kabila alikuwa wa kwanza mu habari. Afishi zake zilipanda mahali afishi za mwingine zilishuka. Na nani alikuja kusimamia mawasiliano ya serikali yake? Sakombi Inongo, uleule. Alikuwa ameokoka, alikuwa ametubu waziwazi juu ya kazi yake ya zamani, na Mzee akamchukua. Simuhukumu, amekwisha kufariki, na mtu ana haki ya kubadilika. Lakini historia inapaswa kusema: nyumba ilipakwa rangi mpya na fundi wa zamani.

Na chui? Chui amerudi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilileta bendera yenye tunaijua, bluu ya anga, nyota ya manjano mu kona, mstari mwekundu wa kukata. Na kwenye nembo ya taifa wakaweka kichwa cha chui, katikati ya pembe ya tembo na mkuki. Timu ikaitwa tena Léopards. Sina shida na chui, ni mnyama wa mababu mbele awe kofia ya Mobutu. Lakini inatufundisha kama alama hazifi. Zinalala, na mwenye kuja anaziamsha akizihitaji.

Mahali pengine waliuliza swali ingine

Kuna mfano wenye napenda kuliko yote: Afrika Kusini. Apartheid iliisha 1994. Tarehe 4 Februari 1996 televisheni ya taifa, SABC, ilipanga upya chaneli zake, zikaitwa SABC1, SABC2 na SABC3. SABC1 ilikuja na neno Simunye, ni kusema sisi ni kitu kimoja. Rangi mpya, nyimbo mpya, vijana mu kioo.

Lakini ndani ya ile nguo kulikuwa mwili mpya. Inchi ilikuwa imekubali lugha 11 za Leta. Kwa hiyo walipaswa kugawa masaa upya. Kiafrikaans, chenye kilikuwa na nafasi kubwa, kilipunguziwa, na wenye lugha walipiga kelele. Lugha za weusi zilipanda. Watu waligombana sana, na kuna wenye walisema bado haitoshi. Unaona? Kama kubadilisha sura kunaleta ugomvi juu ya masaa na lugha, ni kusema kuna kitu cha kweli kimeguswa. Kama kunaleta ugomvi juu ya rangi tu, basi ni rangi tu.

Na sisi wa Masisi?

Turudi kwetu. Toka Kinshasa mpaka Lushebere ni mbali, na si kwa kilometre tu.

Mawimbi ya televisheni yanapenda njia nyoofu. Antene inapaswa karibu kuona antene. Ukiweka mlima katikati, nyuma yake kunabaki kivuli, sawa kivuli cha jua. Basi angalia milima ya Masisi: kila bonde ni kivuli chake. Ndiyo maana kwetu Leta ilifika kwa radio zaidi kuliko kwa picha, na wenye kuwa na televisheni walihitaji parabole, dekoda, mafuta ya jeneretere ao pano za jua. Wakati Kinshasa walikuwa wanaangalia mawingu kwenye kioo, watu wa huku walikuwa na mawingu ya kweli mbele ya mlango, na habari ilikuja mu transista.

Tena huku mashariki mwenye nyumba amebadilika mara nyingi kuliko Kinshasa. Goma ilichukuliwa na AFDL mwanzo wa Novemba 1996. Toka Agosti 1998 mpaka 2003 ilikuwa mji mkuu wa RCD, na jina RTNC lilisikika pande zote mbili za vita: moja ya Kinshasa, moja ya Goma, jina moja na wakubwa wawili. Novemba 2012 M23 iliingia Goma, ikatoka mwanzo wa Desemba. Januari 2025 ilichukua Masisi-centre, kisha Goma. Sifanyi siasa hapa, naweka tarehe tu. Kijana wa miaka 28 wa Masisi ameishi chini ya mamlaka nyingi kuliko babu ya babu yake.

Na mwenye kuishi vile anajifunza kitu kimoja: logo mu kona haikuambie ukweli, inakuambia nani ana funguo. Watu wetu wamezoea. Wakisikia habari, swali la kwanza haliko «ni kweli?» bali «ni radio ya nani?». Hilo ni jeraha. Linaonekana kama akili, na ni akili, lakini ni jeraha pia. Kwa sababu siku habari ya kweli inakuja, ya kolera, ya barabara kufungwa, ya mtoto kupotea, watu wanaipokea kwa shaka ileile. Wengine wanachelewa kukimbia. Wengine wanakimbia bure. Njo maana nasema hii si mambo ya wachoraji tu.

Angalia mfano wa kinyume. Februari 2002, inchi ikiwa bado imekatwa vipande, Radio Okapi ilianza, ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na ilisikika pande zote za vita. Watu waliipokea, haikuwa juu ya sura nzuri. Ilikuwa kwa sababu mtu wa Goma na mtu wa Kinshasa walisikia habari moja, na wakasikia inchi yao inaongea lugha yao.

Nguo mpya ikija, tuulize nini?

Katiba ya 2006 iko na kifungu cha 24. Kinasema vyombo vya habari vya Leta ni huduma ya watu wote, na mikondo yote ya siasa na ya jamii inapaswa kuvifikia kwa usawa. Kifungu cha 212 kinaweka baraza la kuangalia ile haki, CSAC. Ni kusema kwa karatasi, mawingu yalikwisha kukatazwa: RTNC si ya mtu. Ni yetu. Na kifungu cha kwanza kinataja lugha zetu ine za taifa kwa majina.

Sisi wenye tulisoma agronomie tunajua jambo moja dogo. Mfuko mpya wenye picha nzuri ya mahindi hauoteshe kitu. Ukitaka kujua mbegu, unahesabu 100, unazilaza mu kitambaa chenye maji, unangoja, kisha unahesabu ngapi zimetoa mzizi. Hautazame mfuko.

Basi tufanye vile kwa televisheni ya Leta, iwe ya Kinshasa ao ya jimbo, iwe leo ao kesho, iwe chini ya nani. Siku watatangaza sura mpya, logo mpya, meza mpya yenye kung'aa, usibishane juu ya bluu na nyekundu. Chukua karatasi na saa, uhesabu mambo matatu.

La kwanza: dakika kumi za mwanzo wa habari, nani anatokea? Mkubwa ngapi, na mkulima, muuguzi, mwalimu, mtu wa kambi ngapi? Kama mkubwa amekula dakika zote kumi, mawingu yako pale hata kama hauyaone.

La pili: lugha. Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba vinapewa saa gani? Saa yenye watu wako nyumbani, ao saa yenye wako shambani?

La tatu: mawimbi yanafika wapi? Kama nguo mpya inaonekana Gombe na haifike Lushebere wala Walikale, ile ni nguo ya harusi ya watu wengine.

Na kuna kazi ya nne, hii ni yetu si yao. Vijana wengi leo wanajua picha ya mawingu kupitia filamu ya Mbelgiji Thierry Michel, Mobutu, roi du Zaïre, ya mwaka 1999. Kazi nzuri, asante kwake. Lakini haifai kumbukumbu ya macho ya wazazi wetu ibaki mu mikono ya mgeni peke yake. Wazee wenye waliona wako bado, hata kambini, hata mu nyumba za kupanga Goma. Waulizeni: waliona nini, waliona kwa nani, walikuwa wangapi mbele ya kioo kimoja, na walifikiri nini mu roho wakati ule uso ulikuwa unashuka. Wengi watacheka kwanza. Ngojeni wamalize kucheka, kisha andikeni.

Hao wazee walikatazwa hata kutaja jina la waziri. Sisi tunaweza kuandika majina yote. Tuyaandike kwa tarehe zake, bila matusi, ili watoto wetu wakiona logo mpya mu kona wajue kuuliza nani ana funguo, na kwa nini haziko kwao pia.